Unene wa Ukuta wa Kulthumu

Asubuhi ya Jumanne moja, mwezi wa nne wa mwaka 1974, Kulthumu alitaka kutoa kitenge kabatini. Mlango wa kabati ulifunguka kiasi cha kuingiza mkono, ukagonga kitanda, ukakataa kuendelea. Juma lililopita ulikuwa unafunguka wote. Alisukuma kitanda kwa goti, lakini kitanda kilikuwa kimeegemea ukuta tayari na hakikuwa na pa kwenda. Basi akaingiza mkono, akapapasa, akatoa kitenge alichokishika, ambacho sicho alichokitaka, akajifunga hicho hicho akaenda kuwasha makaa.

Alipokwisha kumpelekea mumewe chai barazani, alichukua utepe wa kupimia akarudi chumbani. Kulthumu alikuwa mke wa fundi cherehani kwa miaka ishirini na mmoja na alijua kupima. Kutoka ukuta wa dirishani hadi ukuta wa katikati, chumba chake kilijengwa kiwe na mita tatu kamili. Sasa kilikuwa na mita mbili na sentimita themanini na sita. Akapima tena, utepe ukasema vile vile. Sentimita kumi na nne ni vidole saba, na siku za zamu yake ambazo mumewe Sumaili hakuja chumbani kwake tangu harusi ya pili zilikuwa saba. Hakuhitaji kuzihesabu. Alikuwa anazijua moja moja, na hali ya hewa ya kila moja.

Zamu ilikuwa hivi. Sumaili, fundi wa mtaa wa Bel-Air, mtoto wa watu waliotoka Maniema zamani na msikiti wao na cherehani zao, alioa mke wa pili Agosti ya mwaka uliotangulia. Huyo wa pili aliitwa Ngosa, binti wa mfanyakazi wa kampuni ya shaba kule Kambove. Kabla ya harusi, Sumaili alimwita mwashi, akagawa chumba kikubwa cha nyumba kwa ukuta mmoja katikati. Upande wa kulia Kulthumu, upande wa kushoto Ngosa, kila mmoja na mlango wake unaotokea barazani. Siku mbili kwa Kulthumu, siku mbili kwa Ngosa, kuanzia honi ya kampuni ya saa kumi na moja jioni. Honi hiyo ilisikika mji mzima, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai kwamba saa yake imelala.

Na Sumaili alikuwa mtu wa haki. Hilo alilisema mwenyewe, na msikitini walilisema pia. Utepe wa kupimia haukutoka shingoni mwake hata siku za Ijumaa. Kitenge alikata yadi sita huku na yadi sita huku. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi, katikati, akalinganisha vipande juu ya meza kabla ya kuvigawa. Sufuria zilikuwa za kipimo kimoja, mikeka ya upana mmoja, na vyandarua alivishona mwenyewe kwa mkono wake ili asiwepo wa kusema mashimo ya mwenzake ni madogo. Kitu kisichopimika kwa utepe, Sumaili hakukiona kuwa ni jambo la haki. Alikiona kuwa ni hali ya hewa tu.

Kulthumu alipoweka utepe chini, hakupiga kelele wala hakumwita mtu. Alikwenda kwa Ngosa akasema anataka kupima dirisha kwa ajili ya pazia. Ngosa akamkaribisha, akamsogezea kiti, akamshikia ncha ya utepe. Chumba cha Ngosa kilikuwa na mita tatu kamili, wala hazikupungua hata upana wa uzi. Kulthumu alishukuru, akatoka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba karibu na pipa la maji mpaka uso wake upoe.

Mwanzoni ukuta ule ulikuwa mwembamba, upana wa tofali moja, na wembamba wake ulikuwa umempa Kulthumu kazi ya kufanya. Alikuwa anasikia kila kitu. Alisikia kijiko kikigonga kikombe, alisikia mumewe akipiga chafya. Alisikia sauti ya Ngosa, ambayo ilikuwa sauti nene, ya kifuani, ikisimulia mambo ya Kambove, na halafu alimsikia Sumaili akicheka. Kicheko kile ndicho kilichomkalia rohoni. Katika miaka ishirini na mmoja Sumaili alikuwa amemtendea mema mengi, lakini hakuwahi kumchekea hivyo, kicheko cha mtu aliyevua viatu. Kulthumu alikuwa analala upande ule wa ukuta makusudi, sikio kwenye lipu, na asubuhi shavu lake lilikuwa na vumbi jeupe ambalo alilipangusa kabla ya kutoka.

Sasa ukuta ulikuwa unanenepa, na kila zamu asipokuja mtu ulisogea kidole kimoja.

Neno hilo la unene lina kazi nyingi mjini kwetu. Mtu mnene ni yule mwenye ofisi na gari la serikali, hata kama mwenyewe amekonda kiasi kwamba Sumaili anamtilia koti sufi mabegani. Bukari nene, ule ugali wetu, ni nyumba isiyo na shida. Kitambaa kinene kitadumu. Sauti nene ni ya kuamrisha, au ya kupendwa, inategemea inatoka chumba gani. Mwanamke mnene anatunzwa, na asiyenenepa watu huuliza mumewe anafanya kazi wapi. Unene wote tuliokuwa nao ulikuwa sifa. Ndiyo maana Kulthumu alipoanza kusema kwamba ukuta wake unanenepa, watu wa kwanza aliowaambia walimpongeza.

Wa kwanza alikuwa Kalaba, kiongozi wa Chama katika mtaa wetu, ambaye alikuja kujaribu abakosti yake, lile koti lisilo na tai ambalo kila mkubwa alipaswa kulivaa. Alisimama barazani mikono imeinuliwa huku Sumaili akimzungushia utepe tumboni, akamsikiliza Kulthumu mpaka mwisho.

"Mama," alisema, "nyumba ya bengine iko inaanguka. Yako inaongezeka. Ile njo maendeleo."

Akaandika kwenye daftari lake kwamba katika barabara hii kuna ukuta unaojijenga wenyewe, bila saruji ya serikali, akaomba koti liongezwe nafasi kidogo tumboni.

Kulthumu akaona atafute mtu wa ukuta kwa habari za ukuta. Alimwita Chomba, mwashi aliyeujenga. Chomba alikuwa fundi wa kampuni siku za kazi, na Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara, alijenga nyumba za watu. Alikuja na nyundo na timazi. Akagonga ukuta huku na huku, akakwangua lipu, akafichua tofali. Kila tofali alilolifyatua Chomba alilibonyeza kidole gumba likiwa bado bichi, ili asije mtu akadai kuwa ni lake. Alama ilikuwepo. Akakwangua pengine, ikawepo na hapo.

"Hii matofali iko yangu," alisema. "Ona kidole. Lakini mi sikukuya huku tangu Agosti."

"Sasa nani alijenga?"

"Sijue, mama. Lakini alijenga muzuri. Iko wima."

Alishusha timazi mara tatu kumwonyesha jinsi ukuta ulivyonyooka. Kisha, kwa kuwa Kulthumu alimwomba, alibomoa upande wake wote uliozidi, kuanzia juu hadi chini, akayapanga matofali uani, mazima, safi, karibu mia mbili. Chumba kikarudi mita tatu. Kwa siku tano mlango wa kabati ulifunguka wote, na Kulthumu alikuwa anaufungua hata asipotaka kitu.

Siku ya sita ilikuwa zamu yake. Honi ililia. Sumaili alikunja kazi yake, akasimama, akasikiliza kidogo upande wa kushoto. Ngosa alikuwa na homa, homa ya kawaida ya mvua za mwisho. Sumaili akasema atamwangalia mgonjwa kwa muda. Muda ule uliendelea mpaka asubuhi, na asubuhi ukuta ulikuwa umerudisha vidole vyote vilivyobomolewa, na kuongeza kingine kimoja juu yake. Lipu ilikuwa kavu. Hata misumari miwili ya kutundikia nguo ilikuwa imerudi mahali pake, na gauni la Kulthumu limetundikwa.

Yale matofali ya uani nayo hayakuondoka. Sumaili aliyaona, akayageuza geuza, akasema ni aibu kuacha matofali mazuri yaliwe na mvua. Ngosa alikuwa anapikia nje, penye upepo. Basi Chomba akarudi Jumamosi nyingine akamjengea Ngosa jiko, lenye mlango na rafu mbili.

"Ikibakia, tutakujengea na weye," Sumaili alimwambia Kulthumu, na alisema kwa nia njema kabisa. Hayakubaki. Alimwita aje kuhesabu ili aone mwenyewe kwamba hayakubaki.

Hapo Kulthumu aliona wivu, na hakuupa jina jingine. Alikuwa amesikia watu wakisema mke mkubwa haoni wivu, anaona uchungu, au anaona heshima yake imeguswa. Yeye aliona wivu. Siku zake zilizoibwa zilikuwa zimefyatuliwa, zimekaushwa, na sasa mwenzake alikuwa anapikia bukari ndani yake. Kila jioni moshi wa jiko lile ulikuja kwenye dirisha lake, na yeye alijua tofali la kushoto ya mlango ni la siku ile ya mwezi wa pili, na lile lililo juu yake ni la kesho yake.

Kutoka hapo ulianza mzunguko ambao kila mtu pale nyumbani aliuelewa na hakuna aliyeutaja. Sumaili akija kwenye zamu, anagonga bega kwenye kabati. Akigonga bega, anasema, "Hii chumba inanibana." Akibanwa, zamu inayofuata anakawia barazani, anashona kifungo ambacho hakijaanguka, halafu anaingia mlango wa kushoto. Ukuta unasogea kidole. Zamu ya baadaye anagonga mabega yote mawili. Naye Sumaili mwenyewe alikuwa ananenepa, maana Ngosa alipika vizuri katika jiko lisilo na upepo.

Mwisho wa mwaka ule kabati lilitolewa nje likawekwa barazani, likawa la vitambaa vya wateja. Mwaka uliofuata kitanda cha mbao cha Kulthumu, alichokuja nacho kutoka kwa baba yake, kilikatwa upana na seremala, na baadaye kikatolewa nacho. Akabaki na mkeka. Alichora mstari sakafuni kwa chaki ya fundi kila asubuhi baada ya siku aliyorukwa, na mistari ilikuwa inamezwa na ukuta mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo siku zote ulionekana mstari mmoja tu, ule wa mwisho.

Lakini kilichomchosha si nafasi. Ni ukimya. Ukuta ulipofika unene wa tofali mbili, alikuwa bado anasikia maneno. Ulipofika tofali tatu akasikia mvumo tu, sauti nene ya Ngosa bila maneno yake. Halafu akasikia kicheko peke yake, kwa mbali, mara moja moja. Halafu hakusikia kitu. Aliweka sikio, akaweka glasi kwenye lipu na sikio kwenye glasi, akasikia damu yake mwenyewe. Zamani aliyajua yaliyokuwa yakisemwa upande wa pili, na mengi yalikuwa mambo ya chumvi na ya sabuni. Sasa ilimbidi ayatunge mwenyewe, na aliyoyatunga yalikuwa matamu kuliko yoyote ambayo Sumaili angeweza kuyasema. Alikaa mchana kutwa akimwonea wivu mwanamke anayeambiwa maneno ambayo Kulthumu mwenyewe ndiye aliyeyapanga.

Siku moja Ngosa alikuja mchana, akasimama mlangoni kwa ubavu kwa sababu hakuweza kuingia kwa kifua. Alikuwa mjamzito wa miezi sita. Alikuwa amebeba sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Yaya," alisema, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, "mi namuambiaka aende. Siku yako ikifika namuambia: leo iko ya yaya. Anasema chumba yako iko kidogo."

Kulthumu alipokea sahani.

"Chumba yako iko ngapi?" aliuliza.

Ngosa alisema chini chini, "Tatu."

"Asanti ya sombe, mudogo."

Ilikuwa sombe nzuri, imepondwa sawasawa, imetiwa mawese ya kutosha. Kulthumu aliila yote akiwa amesimama, na kila tonge lilimkera kwa uzuri wake. Angependa Ngosa awe mbaya. Ingekuwa kazi nyepesi. Huruma ile ilikuwa kitu kingine tena ambacho mwenzake alikuwa nacho cha kugawa, na yeye hakuwa nacho.

Binti yake Alima, aliyeolewa na mfanyabiashara kule Kasomeno, alisikia habari kutoka kwa dereva wa lori, akaandika barua. Aliandika kwamba huku nyumba ni pana, kuna chumba chenye madirisha mawili, mama aje apumzike. Kulthumu aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akajibu kwamba anashukuru sana, watoto wabusiwe, lakini kesho kutwa ana zamu.

Sikukuu ya Idi ilipofika, Sumaili aliwaita wake zake wote wawili barazani, akafunua kitenge kipya chenye maua ya bluu, akakata yadi sita na yadi sita mbele ya watu. Kulthumu alipeleka yake nyuma ya nyumba akaipima. Ilikuwa yadi sita. Hakulipata kosa hata la uzi mmoja, na alilitafuta. Alishona gauni, akalivaa, na ndani ya chumba chake gauni lile liligusa kuta mbili kwa wakati mmoja.

Mwaka wa tatu, chumba kikiwa na sentimita sitini, Kulthumu alikwenda msikitini kwa Mwalimu Amisi. Mwalimu Amisi alikuwa mtu mwenye haya na mwenye busara, aliyefundisha watoto Kurani na kusuluhisha mambo ya ndoa za watu wa Maniema. Alimsikiliza Kulthumu bila kumkatiza. Hakushangaa habari ya ukuta. Alisema tu kwamba mashtaka ya vipimo sharti yapimwe.

Alikuja Ijumaa baada ya sala, na mashahidi wawili. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo lingetokea kwa watu wale tu. Chumba cha kulala cha mke wa mtu hakiingiwi na wanaume, achilia mbali na utepe mkononi. Hata wazo lenyewe Mwalimu Amisi alilipita haraka. Kwa hiyo walipima nje. Waliazima utepe wa Sumaili, wakaanza pembe ya kulia ya nyumba, wakafika nguzo ya katikati ya baraza, iliyosimama mahali ukuta wa ndani ulipokutana na ukuta wa mbele. Kisha wakaanza pembe ya kushoto, wakafika nguzo ile ile. Mashahidi waliinama wakasoma wote wawili kwa sauti.

"Iko sawasawa," alisema Mwalimu Amisi. "Hata sentimita moja haizidi."

"Ni kule ndani, Mwalimu," alisema Kulthumu. "Ukuta iko inakula upande yangu."

"Ndani ni ndani, mama. Ndani njo wewe na bwana yako na Mungu."

"Basi mupime siku," alisema Kulthumu.

Mwalimu Amisi akamgeukia Sumaili. Sumaili alikuwa ameketi kwenye cherehani yake, akipitisha uzi kwenye tundu la sindano. Hakukana. Hakuwa mwongo, na alitaka watu wale walijue hilo. Alisema ni kweli siku nyingine hakwenda, kwa sababu chumba ni chembamba mno, yeye ni mtu mnene sasa, hageuki. Alisema bega lake la kulia lina kovu. Akafungua vifungo viwili, akalionyesha, na mashahidi wakaliona kovu.

Mwalimu Amisi akasema kwa upole kabisa jambo ambalo lilikuwa na mahali pake katika mambo ya ndoa. Alisema mke anaweza kumpa mwenzake zamu yake. Kwa hiari, mbele ya mashahidi, kwa neno moja. Akishaitoa, mume hana kosa tena, maana hakuna siku inayorukwa. Na kama ni kweli kwamba ukuta unakwenda na siku zinazorukwa, basi ukuta nao utasimama. Mama atabaki na sentimita zake sitini, kwa amani, na heshima yake ya mke mkubwa, na yadi zake sita.

Wote walimtazama Kulthumu. Lilikuwa jambo la maana, na halikuwa na gharama. Ngosa alikuwa kwenye mlango wa jiko lake la matofali, mtoto mgongoni, anaangalia chini. Hakuna aliyetaja kwamba chumba kilikuwa chembamba kwa sababu zamu zilirukwa, na zamu zilikuwa zinaombwa kwa sababu chumba ni chembamba. Chomba mwashi, ambaye alikuwa anapita na baiskeli akasimama kuamkia watu, alilifikiri, lakini yeye alikuwa ameitwa kwa mambo ya matofali tu.

"Nikisema hapana?" aliuliza Kulthumu.

"Zamu itabakia yako," alisema Mwalimu Amisi.

"Na atakuya?"

Mwalimu Amisi alimwangalia Sumaili. Sumaili alikuwa amekosa tundu la sindano, akaulamba uzi, akajaribu tena.

"Mama," alisema Mwalimu Amisi, "ile ukuta itafika kwa dirisha."

"Nasikia."

"Utalala wapi?"

"Zamu iko yangu," alisema Kulthumu. "Simupe muntu."

Alisema bila kupandisha sauti. Mwalimu Amisi akasema kwamba neno lake limesikika na ni haki yake. Mashahidi wakaitikia kwa vichwa. Wakarudisha utepe, Sumaili akauvaa shingoni. Ngosa aliwaletea chai, na chai ilikuwa katika vikombe vya ukubwa mmoja.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya Kulthumu. Alifagia chumba, kazi ambayo sasa ilikuwa ya ufagio mara moja kwenda na mara moja kurudi. Alisonga bukari, nene kama Sumaili alivyoipenda, akaifunika kwa sahani. Alivaa gauni la maua ya bluu, akajipaka wanja mlangoni, kwenye mwanga, kwa kuwa ndani mkono ulikosa nafasi ya kukunja kiwiko. Alichemsha maji ya kuoga, akaweka ndoo kando ya mlango wake, na taulo juu yake, na kipande chake cha sabuni kilichokatwa kwa uzi.

Honi ya kampuni ililia saa kumi na moja. Sumaili alifunika cherehani kwa kitambaa chake, akakusanya pini, akasimama. Alipita mbele ya mlango wa kulia.

"Jambo, mama," alisema.

"Jambo, baba."

Aliangalia ndoo, iliyokuwa bado inatoa mvuke, na mlango, ambao ulikuwa wazi. Alijishika bega. Kisha akaingia mlango wa kushoto, na kutoka kule haikusikika sauti yoyote.

Kulthumu alikaa kizingitini mpaka maji yakapoa. Wapitanjia walimsalimu naye akawaitikia, kila mmoja kwa jina lake. Maji yalipokwisha kupoa aliyaogea mwenyewe. Kisha akaingia ndani kwa ubavu, akachukua chaki, akachora mstari bila kungoja asubuhi, akakunja mkeka wake kidole kimoja upande wa dirisha, akauacha ukuta upite.